Nyuki wa Bwana Ballou na Ukurasa wa Mwisho

Jumatatu, 6 Mei

Siku mbaya. Bi. Nadine Ochs, mwenyekiti wa Chama cha Mawakili wa kaunti yetu, amenipigia simu nikiwa na yai mdomoni. Ameniuliza hali. Hapo hapo nikajua kuna jambo. Bi. Nadine hamuulizi mtu hali bure.

Hotuba ya Hukumu za Mwaka! Hotuba yangu! Kila Juni, kwenye chakula cha mchana cha mawakili, ni mimi, Orrin Struthers, ninayesimama kueleza Mahakama ya Juu ya jimbo imeamua nini na imekosea wapi. Mawakili wote huja. Wanaosinzia ni wachache. Mke wangu Arlys hudai kwamba huja kwa sababu wanalazimishwa kupata saa za masomo kila mwaka, la sivyo leseni zao zifutwe, na kwamba hata angesimamishwa mbuzi jukwaani ukumbi ungejaa. Arlys hakusomea sheria.

Sasa kamati inataka kumfikiria pia Corwin Haas. Corwin! Tulifungua ofisi pamoja tukiwa vijana, tukaachana kwa ugomvi wa nani akae dirishani. Siku hizi ana kipindi cha mtandaoni ambamo hueleza hukumu za mahakama huku akinywa kahawa. Msikilizaji humsikia akimeza. Na watu wanapenda!

Bi. Nadine amesema kamati itaangalia nani kati yetu atakayeichambua vizuri kesi ya nyuki, ambayo hukumu yake inatoka Ijumaa. Atakayewafaa mawakili zaidi ndiye atakayepewa jukwaa. Nimemwambia nimeridhika kabisa. Nimekata simu. Yai lililobaki nimelitupa.

Jumanne, 7 Mei

Nimelisoma upya jalada la nyuki. Kesi ni ya hapa hapa mjini, ndiyo maana hata kinyozi ana maoni. Royce Ballou ni mfugaji wa nyuki. Kiangazi cha mwaka juzi kundi zima liliuhama mzinga wake, likavuka ua, likaingia kwenye dohani ya jirani yake, Bi. Gerda Lindqvist, mwalimu mstaafu. Ballou hakuwafuata. Alikuwa ziwani akivua samaki. Bi. Gerda akawaacha wakae, akaanza kurina asali na kuiuza kwenye mnada wa kanisa. Ballou akaionja. Akasimama katikati ya mnada akapiga kelele kwamba hao ni nyuki wake, anaijua ladha yao!

Alishtaki, akashindwa, akakata rufaa hadi Mahakama ya Juu. Hana wakili. Anasema mawakili ni kupe.

Mpango wangu ni rahisi: kuwa wa kwanza. Hukumu hutoka mtandaoni saa nne kamili. Mchambuzi wa kwanza ndiye anayesomwa. Wa pili ni mwangwi. Kwa hiyo nimeandika makala mbili mapema. Moja inasema Ballou ameshinda, na kichwa chake ni "Haki Imetendeka". Nyingine inasema Bi. Gerda ameshinda, na kichwa chake pia ni "Haki Imetendeka". Kichwa kizuri hakitupwi.

Nimemsomea Arlys zote mbili wakati wa chakula. Amesema ninafanana na mpiga ramli anayemwambia mama atazaa mvulana, kisha akamnong'oneza baba kwamba ni msichana. Nikamweleza kwamba wachambuzi wote hufanya hivi. Akasema hata wapiga ramli wote.

Jumatano, 8 Mei

Kuwa wa kwanza hakutoshi. Lazima Corwin awe wa pili, tena wa pili wa mbali. Nimelifikiria jambo hili nikinyoa ndevu. Nimejikata kidevu.

Nimempigia Corwin kwa sauti ya upatanisho. Nimemwalika tule kifungua kinywa Ijumaa, saa tatu na nusu, kwenye mkahawa ulio bondeni kando ya barabara kuu, ambako mtandao hutambaa kama kobe mgonjwa. Nimemwambia tumezeeka, ndugu yangu, tulimalize lile jambo la dirisha kabla mmoja wetu hajazikwa. Amekubali bila kusita. Amesema hata machozi yamemlengalenga. Mjinga!

Nimemweleza Arlys mpango. Akauliza nani atakayemshikilia Corwin mkahawani. Nikasema mimi. Akauliza nani atakayeitoa makala saa nne. Nikasema mimi. Akaendelea kumenya viazi bila kuinua uso. Arlys ana namna ya kuuharibu mpango mzuri kwa maswali.

Ijumaa, 10 Mei

Ushindi! Ushindi mtupu!

Corwin alifika kabla yangu. Alikuwa ameshaagiza mayai, soseji na chapati tamu zenye shira, kisha akaagiza pai ya cheri, kisha akamwambia mhudumu kwa sauti ya kusikika mkahawa mzima kwamba leo analipa bwana huyu, amekuja kutubu. Akala kama mtu aliyetoka kifungoni. Tulizungumza kuhusu mvua. Mimi natazama saa ya ukutani, yeye anatazama saa ya ukutani, kila mmoja ameilaza simu yake mapajani chini ya meza. Dirisha hatukuligusa.

Saa nne ilipotimu nikasema tumbo linanisokota. Corwin akanitakia heri.

Msalani mtandao ulikuwa mbaya zaidi. Hukumu ilikuwa ndefu ajabu, na kila ukurasa ulifunguka kwa kukwama kama mlango wa ghala lenye kutu. Lakini mimi si mwanafunzi. Mwanafunzi huanza mwanzo, ambako kuna historia na tarehe na majaji wanasafisha koo. Wakili mzoefu huenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho, ambako ndiko mahakama husema nani amepata na nani amekosa. Nikaenda. Maneno matamu kupita kiasi! "Nyuki ni wa Ballou. Asali ni ya Ballou. Ua uliojengwa na binadamu hauna amri juu ya mbawa." Nilikaribia kulia, pale pale nilipoketi.

Nikaitoa ile makala ya Ballou. Kwa furaha nikaongeza sentensi moja: "Mahakama imezungumza kwa sauti moja." Mtu akagonga mlango na kuuliza kama nimefia humo.

Niliporudi, Corwin alikuwa akichokonoa meno. Aliuliza tumbo. Nikasema limetulia. Aliuliza hukumu. Nikasema huenda imetoka. Akasema ataisoma nyumbani, taratibu, akiwa na miwani. Miwani! Nimelipa kila kitu, pamoja na pai nyingine aliyofungiwa aende nayo. Ushindi una gharama zake.

Jumamosi, 11 Mei

Ballou amepanda paa.

Arlys ameona yote. Alikuwa uwanjani pa kanisa, mkabala na nyumba ya Bi. Gerda, akipanga keki za mnada. Amenisimulia kwa raha ambayo mke hapaswi kuwa nayo.

Ballou alifika na ngazi, ndoo na kile kifukizo chake cha moshi. Bi. Gerda alikuwa akimwagilia maua. Alimuuliza, "We Royce, unatafuta nini juu ya nyumba yangu?" Ballou akajibu kutoka paani kwamba anafuata mali yake, mama, na kama ana ubishi akamsome Struthers! Bi. Gerda akamwelekezea mpira wa maji. Kifukizo kikazimika. Nyuki wakatoka. Nyuki, asema Arlys, hawakuwa wamemsoma Struthers. Ballou akashuka bila kuitumia ngazi, akatua kwenye maua.

Askari wa kaunti aliitwa. Ballou, jicho moja limefumba kwa uvimbe, akamwonyesha makala yangu kwenye simu. Askari akaisoma hadi mwisho, akasema imeandikwa vizuri. Ndipo Bi. Gerda akaleta hukumu yenyewe aliyotumiwa na mahakama. Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa: Bi. Gerda ameshinda. Mfugaji asiyewafuata nyuki wake amewaacha, na aliyewapokea ndiye mwenye nao.

Nimekimbilia kompyuta. Ni kweli. Majaji sita kwa mmoja! Yale maneno matamu ya ukurasa wa mwisho ni ya Jaji Tveit, ambaye peke yake aliwapinga wenzake. Maoni ya jaji anayepinga huwekwa nyuma kabisa, baada ya hukumu. Desturi hiyo ninaijua tangu chuoni. Nimewahi hata kuifundisha! Lakini ni nani aliyewaambia wayaweke maneno mazuri nyuma na makavu mbele? Ukilitazama vizuri, kosa ni la wapangaji wa kurasa.

Nimebadilisha kichwa cha makala. Sasa kinasema: "Kama Mahakama Ingekuwa na Busara." Ile sentensi ya sauti moja nimeifuta. Hakuna atakayegundua.

Jumatatu, 13 Mei

Corwin amegundua.

Alikuwa ameihifadhi makala ya kwanza kama ilivyokuwa. Leo kwenye kipindi chake ameisoma yote, polepole, kwa sauti ya mazishi. Alipofika kwenye "sauti moja" aliinua kikombe. Akameza kahawa. Kisha akawaambia wasikilizaji wasinicheke, tafadhali, kwa kuwa ndugu yake Struthers ni mtu wa kuheshimiwa, ila siku hiyo tumbo lilikuwa linamsumbua. Mnafiki! Nimekwenda posta, mama wa dirishani ameniuliza kama nimepona. Kinyozi amenishauri nile ndizi, eti hutuliza tumbo.

Adhuhuri Bi. Nadine akapiga simu. Hakuuliza hali. Aliuliza, "Hivi Orrin, wewe kitabu unakisomaje?" Nikasema inategemea kitabu. Akasema yeye huanzia mbele. Amejaribu njia nyingi maishani, na hiyo ndiyo iliyomfaa. Nikamuuliza kuhusu jukwaa. Akashusha pumzi ndefu. Akasema kamati haijaamua, itakaa Juni.

Haijaamua! Neno hilo nimelishika kama mzamaji anavyoshika ubao.

Jioni nilikuwa nikikata nyasi likanijia wazo kubwa, hata nikavikata na vitunguu vya Arlys. Hukumu haijakauka! Sheria inampa aliyeshindwa siku chache za kuiomba mahakama ifikirie upya. Ikifikiria upya, ikamfuata Jaji Tveit, basi mimi sikukosea. Niliwahi tu! Hata anayetabiri mvua huonekana mwehu mpaka tone la kwanza limdondokee jirani.

Arlys ametazama vitunguu, akanitazama mimi. Ameingia ndani.

Jumanne, 21 Mei

Nimekwenda kwa Ballou na keki ya mke wangu. Alinifungulia mlango nusu. Jicho bado halijafunguka sawasawa. Akauliza kama mimi ndiye Struthers mwenyewe. Nikakiri. Akasema siku zote alijua mawakili ni kupe, lakini hakujua kwamba kuna kupe anayemnyonya mtu akiwa juu ya paa.

Nikamwacha aseme. Mtu mwenye uvimbe huachwa aseme. Kisha nikamwambia kwamba jaji mmoja kati ya saba yuko upande wake tayari. Wanahitajika wengine watatu tu.

"Watatu tu?" akauliza.

Watatu tu, bwana.

Mlango ukafunguka wote. Ballou ni mbishi wa kuzaliwa, na mbishi humshindi kwa hoja, unampa tu mahali pa kubishia. Akakata keki. Akasema lakini wakili hamwajiri, hata iweje. Nikamwambia siajiriwi, ninasaidia kama jirani mwema, yeye ataweka sahihi.

Nimeliandika ombi la kufikiria upya hadi usiku. Kazi safi, ingawa ninajisemea. Upungufu ulikuwa mmoja: ombi la namna hii hupata uzito likiwa na mchambuzi wa sheria anayeliunga mkono. Nikatafuta mchambuzi anayesema kwamba nyuki ni wa Ballou. Nikampata mmoja. Nimemnukuu mara tatu. Nimemwita "msomi anayeheshimika kote kaunti, Bw. O. Struthers". Nikasita. Nikafuta "kote kaunti". Nikaandika "kote jimboni".

Kwamba mimi ndiye niliyeliandika ombi, hilo sikulitaja. Si vizuri mtu kujisifu.

Arlys ameuliza itakuwaje majaji wakiitafuta makala yenyewe na kuisoma. Nikamwambia majaji wana kazi nyingi, hawawezi kusoma kila kitu. Akasema basi tuombe Mungu wasome ukurasa wa mwisho tu.

Jumatano, 29 Mei

Kusubiri kunaniua. Corwin, kwa upande wake, ameongeza sehemu mpya kwenye kipindi. Ameiita "Tumbo la Struthers". Wasikilizaji hupiga simu na kusimulia mambo waliyoyaamini kabla ya kuyasoma. Mama mmoja alisimulia jinsi alivyompikia mumewe kwa dawa ya mbwa. Walicheka hadi wakakohoa.

Nimeamua kupambana kwa silaha yake mwenyewe. Leo nimepiga simu kipindini kwa sauti nzito ya mkulima wa kusini. Nimejiita Lemuel. Nimesema kwamba sisi watu wa mashambani tunamwona Struthers kuwa mchambuzi pekee anayetuelewa, na kwamba hukumu ya nyuki itapinduliwa, kila mtu huku anasema hivyo, hata ng'ombe wanajua.

Corwin akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu. Akauliza mahindi yameota vipi huko kusini. Nikasema yameota vizuri, yanachanua. Akasema, "Mwezi wa tano, Lemuel? Jimbo zima mahindi ndiyo kwanza yanachipua." Nikasema ni mbegu mpya. Akasema, "Asante kwa kupiga, Orrin. Msalimie shemeji. Na usisahau ndizi."

Arlys alikuwa akikisikiliza kipindi jikoni. Nilimsikia akicheka kupitia ukutani.

Ijumaa, 7 Juni

Saa nne. Imetoka!

Ombi limekataliwa. Sentensi moja, hakuna hata jaji aliyehangaika kuongeza neno. Ballou amenipigia. Alichosema hakiandikiki, ila kupe walikuwemo, na jamaa zao wote.

Nilikuwa karibu kuifunga kompyuta. Ndipo nikaona kwamba sentensi ile ina alama ndogo mwishoni, na chini ya ukurasa kuna tanbihi. Ninainakili hapa neno kwa neno:

"Mwombaji anategemea uchambuzi wa Bw. O. Struthers. Mchambuzi huyo ameeleza kwa ufasaha maoni ya jaji aliyewapinga wenzake, akidhani kwamba ndiyo hukumu ya Mahakama. Siyo. Mawakili wanakumbushwa kuzisoma hukumu zetu kwa mpangilio zilivyoandikwa."

Nimesoma. Nimesimama. Nimezunguka meza. Nimesoma tena.

KWA UFASAHA! Mahakama ya Juu! Majaji saba wameketi chumba kimoja na jina langu likiwa mezani! Litachapishwa kwenye vitabu vya hukumu, vyenye ngozi na herufi za dhahabu mgongoni, vitawekwa katika kila maktaba ya sheria, na litasomwa na watoto wa wajukuu wa mawakili ambao hawajazaliwa. Corwin amechambua hukumu za mahakama hiyo maisha yake yote. Haijawahi kumtaja. Hata kwa kumkemea!

Nikampelekea Arlys bustanini. Alisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi juu ya ndoo, akajifunika uso kwa aproni, na mabega yakamtetemeka kwa muda mrefu. Nadhani ameguswa.

Jumatatu, 10 Juni

Kamati imekaa. Bi. Nadine amepiga mwenyewe, sina budi kumshukuru kwa hilo. Jukwaa amepewa Corwin.

Nikamuuliza kama kamati iliiona tanbihi. Akasema waliiona, Orrin. Ndiyo sababu kikao kilikwisha mapema.

Nimesema ninaelewa. Nimesema Corwin ni mtu mzuri. Nikakata simu, nikaenda kuketi ndani ya gari lililoegeshwa kwenye gereji ya nyumbani. Suti ilikuwa imeshapigwa pasi. Sentensi ya kwanza ya hotuba ilikuwa tayari tangu Februari, na ilikuwa nzuri. Nimeisema kwa sauti mle garini, mara moja, kuona ingesikika vipi. Ingesikika vizuri.

Arlys alikuja na vikombe viwili vya kahawa, akaingia upande wa pili. Leo hakunitania. Alinipa kikombe kimoja. Mwishowe akasema Jumatano tutakwenda wote wawili kwenye chakula cha mawakili, na nitavaa ile suti, na nitakaa wima, maana yeye hakuolewa na mtu wa kujificha gerejini. Nikasema sawa. Nikamwambia pia kwamba ninakusudia kuketi meza ya mbele na kukohoa kila Corwin atakapokaribia jambo la maana. Akasema hapana.

Jumatano, 12 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Kuku alikuwa mkavu kama kila mwaka. Tuliketi meza ya mbele kabisa, Arlys akiwa ameushika mkono wangu wa kukoholea. Corwin akapanda jukwaani na kikombe chake cha kahawa. Kahawa jukwaani! Akasema ataanza na uamuzi muhimu kuliko yote uliotolewa mwaka huu, nao umeandikwa kwa herufi ndogo.

Akaisoma tanbihi yangu.

Alipofika kwenye lile neno "Siyo", akameza kahawa. Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka wakapiga meza, vijiko vikaruka. Wazee ambao miaka yote huanza kukoroma kwenye salamu walikuwa macho, wanafuta machozi. Mmoja akampigia kelele mwenzake asiyesikia vizuri: "Ndiye huyo! Huyo wa mbele, mwenye suti!" Vichwa vyote vikageuka.

Arlys akaninong'oneza, "Orrin, kaa. Orrin, nakuomba."

Nikasimama. Nikainamisha kichwa upande wa kulia. Makofi! Nikainamisha upande wa kushoto. Makofi zaidi! Mtu wa nyuma akapiga mluzi. Corwin alibaki jukwaani ameishika karatasi yake, hawezi kuendelea, kahawa inapoa. Ilibidi Bi. Nadine agonge glasi ili watu watulie. Baada ya hapo Corwin alieleza hukumu za kodi ya mashamba, na katika meza yetu peke yake mawakili watatu walilala.

Mwishoni watu walinijia mimi. Si yeye, mimi! Wakili wa kaunti jirani aliniomba sahihi kwenye ratiba ya siku. Mwingine akasema tangu tukio hilo, ofisini kwake hakuna anayeruhusiwa kwenda msalani na hukumu. Bi. Nadine akanishika bega, akasema kwa miaka yote ambayo Hotuba hii imekuwepo, hajawahi kumwona mtu hata mmoja akiifurahia. Nikamwambia karibu sana.

Corwin alinikuta nikivaa kofia. Akasema, "Umeniharibia siku yangu, bwana wee, na hata hukufungua mdomo." Akanipa mkono. Nikampa wangu. Hatukulitaja dirisha.

Njiani kurudi nimemweleza Arlys kwamba nimeagiza kadi mpya za kazi: "Orrin Struthers, Wakili. Ametajwa na Mahakama ya Juu." Akauliza kama kuna nafasi ya kueleza ametajwa kwa nini. Nikasema kadi ni ndogo.

Sasa nimeketi, nimetafakari kwa utulivu, kama inavyompasa mtu wa umri wangu. Miaka yote niliyosoma hukumu kwa uangalifu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, Mahakama haikujua kama nipo. Nimekosea mara moja tu, ikanitaja kwa jina. Ni kweli kwamba tanbihi iko chini ya ukurasa na herufi zake ni ndogo. Lakini hata kosa lenyewe lilikuwa dogo: nyuki, dohani, ndoo ya asali. Ijumaa inatoka hukumu ya daraja kuu la jimbo, ambayo hata gavana anaingoja. Nikiikosea kwa kiwango kinachoistahili, sioni sababu ya Mahakama kutonipandisha juu ya ukurasa.